Hotuba ya Mkurugenzi wa Kasi, Siku ya Kuzindua Gia Saba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi ambaye ametuma mwakilishi, Mheshimiwa Mwakilishi ambaye yuko njiani, Waheshimiwa Wenyeviti, Makamu Wenyeviti na wanaokaimu nafasi za Makamu, Wakuu wa Idara, Wakuu wa Vitengo vilivyomo ndani ya Idara, mke wangu mpendwa, shemeji yangu ambaye ndiye Dereva Mteule wa gari letu, wanahabari, mabibi na mabwana, na ninyi nyote mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimeisha: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Nasimama mbele yenu nikiwa mnyenyekevu, na wanaonifahamu wanajua kwamba kwa unyenyekevu sina mpinzani. Miaka sita iliyopita Mamlaka ya Kasi ya Nchi Kavu, ambayo mimi ni Mkurugenzi wake wa kwanza na, Mungu akipenda, wa mwisho (kicheko kidogo), ilipewa jukumu la kuunda gari litakalokimbia kwenye uwanda wa chumvi, mstari mmoja ulionyooka, bila kona, likishindana na saa tu, kwa mwendo wa kilomita mia nne kwa saa. Wengine wangeanza na injini. Wengine wangeanza na bodi. Sisi, kwa kutumia mkabala shirikishi na jumuishi, tulianza na gia, kwa kuwa gia ndiyo inayoamua nguvu ya injini iyafikie vipi magurudumu, na pia kwa kuwa chumba chetu cha mikutano kina nafasi ya meza na si ya gari. (Makofi.)

Tulimwajiri mtaalamu. Ni mama mmoja ambaye kwa miaka kumi na tisa amekuwa akifungua na kufunga giaboksi za malori, na mjini hapa wote wanamwita Mama Gia. Alifunga gereji yake, akawaaga wateja wake, akaja kwetu na daftari moja na boksi la spana. Siku ya kwanza alisimama ubaoni, mafuta bado yako kwenye kucha, akasema:

"Waheshimiwa, hesabu ni fupi. Injini ya aina tunayoitaka inatoa nguvu zake zote ikizunguka mara elfu saba na mia tano kwa dakika. Tairi likizunguka mara moja, gari linasogea mita mbili na sentimita ishirini. Ili tufike mia nne, injini izunguke karibu mara mbili na nusu kila tairi linapozunguka mara moja. Hiyo ndiyo difu yetu, gia ya mwisho kabla ya magurudumu. Sasa nionyesheni injini, nianze kazi."

Akakaa. Ndugu zangu, kikao kile kilichukua dakika kumi na nne. Nawauliza: dakika kumi na nne ni kikao, au ni salamu? Ilibidi niunde Kamati ya Uteuzi wa Gia, chini yake kamati ndogo saba, na juu yake Kamati ya Kuratibu Kamati, na nikakubali, baada ya kujishauri kwa kina, kuziongoza zote. (Makofi. Sauti: "Chapa kazi, mkuu.")

Matunda yalionekana upesi. Naibu wangu, akitumia kikokotoo, aligundua kwamba ile mbili na nusu tukiipunguza iwe moja nukta nane, gari linafika kilomita mia tano na hamsini. Yaani kwa kubadilisha namba tu, bila kugusa hata nati moja, tulikuwa tumeongeza kasi ya taifa kwa asilimia thelathini na saba nukta tano. (Makofi ya muda mrefu.)

Mama Gia hakupiga makofi. Alisema, "Kwenye karatasi linafika. Uwandani kuna upepo, na upepo hausomi karatasi. Mwendo ukipanda hivyo, unahitaji nguvu zaidi ya mara mbili na nusu, na injini hiyo haina. Itakohoa, itapoteza mizunguko, na gari litakwenda taratibu kuliko lingekwenda na gia nyepesi."

Wajumbe wakanung'unika. Ndipo yeye akatoka nje, akarudi na baiskeli yake yenye gia nyingi, akaisimamisha chini ya ule mteremko wa saruji unaopanda kwenye mlango mkuu, akaiweka kwenye gia nzito kuliko zote, akaniambia, "Mkurugenzi, hiyo ndiyo moja nukta nane yako. Panda."

Kiongozi haogopi utafiti wa vitendo. Nilipanda. Kwa mita tatu za kwanza utendaji wangu ulikuwa wa kuridhisha. Katika mita ya nne miguu yangu ilibaini changamoto. Katika mita ya tano mimi na baiskeli tulifanya mapitio ya mwelekeo, tukahitimisha zoezi ndani ya vyungu vya maua vya mapokezi. (Kicheko kirefu.) Mnacheka, lakini ripoti ya zoezi hilo ina kurasa arobaini, na vyungu vyote vimetajwa.

Mama Gia aliniinua, akanipangusa udongo mabegani kama anavyomfanyia mdogo wake, akaniambia kwa sauti ya chini, "Umeona sasa? Gia nzuri ni ile ambayo mguu unaiweza." Nilimwelewa, wananchi. Kwa nusu saa nzima nilimwelewa kabisa. Kisha nikarudi kikaoni, nikakuta wajumbe wameshapiga kura ya moja nukta nane, na mimi ni mtu ninayeheshimu demokrasia.

Tukaendelea na gia moja moja. Mkuu wa Utawala aliipinga gia ya kwanza, akisema taasisi ya hadhi yetu haiwezi kuonekana ikianzia chini; tukaafikiana tuanzie ya pili. Hapo Mama Gia alisema hakuna shida, magari ya aina hii husukumwa na gari jingine mpaka yachangamke. Kumbukumbu zinaonyesha kuwa ni mara pekee aliyowahi kukubaliana nasi. Mwaka wa tatu tukaiondoa gia ya kurudi nyuma, kwa kuwa sisi ni watu wa kusonga mbele. (Makofi.) Akauliza, "Likiingia gereji kwa mbele, linatokaje?" Nikamjibu kwamba hilo ni suala la awamu ya pili. Na leo, baada ya vikao mia tatu na kumi na viwili, nina heshima kubwa kuwatangazia kwamba gia tunazo saba, kuanzia ya pili hadi ya nane, na kila kamati ndogo imepata ya kwake. (Makofi. Vigelegele kutoka safu ya mke wa Mkurugenzi.)

Upande wa rasilimali watu, Dereva Mteule, huyu shemeji yangu, aliyepatikana kwa mchakato wa wazi uliofanyika nyumbani kwangu, amekamilisha saa elfu mbili na mia nne za kukaa kwenye kiti akiangalia mbele. Simama wakuone, shemeji. (Anasimama. Anakaa. Saa zinaongezwa.)

Sitaki mniambie nimeficha jambo. Mama Gia hayuko nasi tena. Kila mwezi aliniletea barua ya mstari mmoja: "Injini iko wapi?" Nilizijibu zote, kwa wastani wa kurasa sita. Ya mwisho ilikuja miezi sita iliyopita, nayo ilikuwa tofauti. Ilisema, "Naomba kuacha kazi. Nina miaka hamsini na minne, na ningependa kuona gurudumu likizunguka kabla magoti yangu hayajagoma." Kiutaratibu tuliipokea kama maoni ya mdau. Mimi binafsi niliisoma mara mbili, kisha nikafunga mlango wa ofisi na kuisoma tena.

Lakini tusonge mbele. Naomba tuseme kaulimbiu zetu kwa pamoja. Nikisema kasi, semeni juu. Kasi. (Wananchi: "Juu.") Nikisema gia, semeni saba. Gia. (Wananchi: "Saba.") Nikisema gari, semeni lipo. Gari. (Kimya.) Gari. (Sauti kutoka nyuma: "Liko wapi?")

Naona kuna mkono umenyooshwa. Nani huyo? Ah. Karibu, Mama Gia. Mpeni kipaza sauti, lakini kwa kifupi.

(Mama Gia: "Shikamoo kwa wakubwa, habari zenu wengine. Sikuja kubishana. Kaka zangu wawili na mimi tumefunga injini ya zamani kwenye fremu tuliyoichomelea wenyewe. Difu yetu ni tatu na nusu, kwa sababu nguvu tuliyonayo ndiyo inayoimudu hiyo. Mia nne gari letu halifiki. Jumamosi lilikwenda mia mbili na themanini, tukalipima kwenda na kurudi. Liko hapo nje ya geti. Anayetaka kuliona, aje." Vishindo vya viti. Watu wanatoka. Mngurumo wa injini.)

Naomba utulivu. Hilo halimo kwenye ratiba. Naomba wanahabari wabaki angalau. Naomba basi kamati ndogo ya gia ya tano ibaki. Naibu, na wewe?

Basi nihitimishe. Nawashukuru ninyi wanane mliobaki. Namshukuru Mwakilishi wa Mgeni Rasmi ambaye nasikia amefika, ila amesimama huko huko getini. Namshukuru mchoraji aliyetuchorea gari kwenye bango hili, kwa sababu nje ya bango hili hatujawahi kuwa na gari, wala injini, wala tairi, na zile gia saba ni aya saba za kumbukumbu za kikao. Namshukuru mke wangu, ambaye naona ameshavua viatu ili akimbie vizuri.

Shemeji, mbona na wewe unainuka? Unasema Mama Gia anatafuta dereva?

Hotuba imekwisha. Ningoje, shemeji, twende wote.