Daktari wa Mikanda ya Msasa

Daktari alikuwa kwenye kibanda cha chai, akimtafuta kwa macho mtu wa kumlipia, aliposikia kishindo kutoka karakana ya ng'ambo ya barabara. Paa. Kisha ikafuata sauti ya mzee akiomboleza.

"Kafiwa?" akamuuliza muuza chai.

"Kakatikiwa na mkanda wa msasa. Wa tatu wiki hii. Kila ukikatika, Mzee Birika analia hivyo."

Daktari hakuuliza jina hilo limetoka wapi. Mtu mwenye mkono wa birika hujulikana mtaa mzima, na bahili anayelia ni mgonjwa aliyekwisha kujileta kliniki mwenyewe.

Hapa inafaa tuseme ukweli, maana yeye hatausema: Daktari hakuwa daktari. Alikuwa ametibu meno, mapenzi na televisheni, vyote kwa chupa moja ya mafuta ya kupikia, mafuta ya taa kidogo, na rangi ya buluu kwa ajili ya heshima. Mali yake pekee ilikuwa pikipiki nyekundu, na popote aendapo aliiegesha ikielekea barabarani, kwa kuwa kazi yake huanza kwa mdomo na kuishia kwa mbio. Mkewe aliwahi kumwambia achague, yeye au pikipiki. Tangu siku hiyo pikipiki haina mpinzani.

Akaivusha barabara, akaiegesha mlangoni, akaingia.

Mashine ilikuwa katikati ya karakana, nzee kama deni la babu, imezungukwa na milango isiyopigwa msasa. Mkanda wake uliokatika ulikuwa sakafuni. Mzee Birika alikuwa amechuchumaa pembeni yake, na nyuma yake amesimama mwendesha mashine, mwanamke aliyeitwa Mama Vumbi, mweupe kwa unga wa mbao hadi kope.

Daktari hakusalimia. Aliweka sikio kwenye chuma, akafumba macho, akatikisa kichwa.

"Imeanza lini kukohoa?"

"Haikohoi," alisema Mzee Birika. "Inakata mikanda."

"Ndiyo hatua inayofuata kikohozi. Mikanda yenyewe unaipata wapi?"

"Duka moja tu. Saizi hii hakuna mwingine anayeitumia. Mashine ya namna hii mji mzima imebaki yangu," alisema mzee, kwa majivuno ya mtu aliyebaki peke yake na ndui.

Daktari akaona raha mwilini. Mteja asiye na pa kukimbilia ni zawadi ya Mungu.

Sasa, katika maisha yake Daktari aliwahi kufanya kazi ya halali kwa wiki tatu, kwenye karakana, kabla ya kufukuzwa. Alitoka na elimu moja tu. Upande wa ndani wa mkanda wa msasa huchorwa mshale, na mkanda sharti uzunguke kuufuata. Pale ulipounganishwa kwa gundi, ncha moja huilalia nyingine. Ukizungushwa kinyume, ubao huikwangua ncha ile mpaka ibanduke, na mkanda wote hukatika. Mama Vumbi alipovisha mkanda mpya, Daktari akachungulia. Mshale ulielekea kulia. Gurudumu lilizunguka kushoto.

Akatoa chupa.

"Dawa hii haipendi kutazamwa. Fumbeni macho mpaka nihesabu hamsini."

Mzee Birika alifumba yote mawili, akajifunika na kofia juu yake kwa usalama. Mama Vumbi alifumba moja. Daktari akauvua mkanda, akaugeuza, akauvisha tena, akapaka mafuta ya buluu kwenye chuma kisichohusika.

Mkanda ukafanya kazi hadi jioni. Mzee akalipia chupa, akiziaga noti moja moja.

"Nguvu yake ni wiki moja," Daktari alimwambia. "Nitakuja kuichungulia."

Alikuwa amekwisha kupanga: kila wiki ataugeuza kwa siri, ukatike, auze chupa nyingine. Lakini siku ya tatu, alipokuja kuikagua, Mama Vumbi alimvuta nyuma ya rundo la mbao.

"Kaka yangu, umeniharibia kazi."

"Kazi gani, dada?"

"Unadhani ule mshale siujui? Mwaka wa nane huu nauvisha kinyume. Lile duka la mikanda ni la dada yangu. Mzee analia, dada anauza, nami napata changu."

Daktari alimtazama kwa heshima ya kweli. Alikuwa mpweke katika fani yake, na sasa amempata ndugu.

"Nisamehe basi. Leo hii naugeuza."

"Kugeuza niachie mimi. Shida ni kwamba dada kachoka, anataka kufunga duka akalee wajukuu. Amebakiwa na mikanda sitini. Ichukue wewe. Ukianza kukatika tena, huyu mzee ataenda wapi isipokuwa kwako?"

"Nami nitoe nini?"

Mama Vumbi akatazama mlangoni. Pikipiki nyekundu ilikuwa inang'aa, imeelekea barabarani.

"Hiyo hapana," alisema Daktari.

"Haya. Nitamuuzia mzee mwenyewe yote kwa mpigo, wewe ubaki na chupa zako."

Daktari akapiga hesabu: mikanda sitini, bei aipange yeye, mnunuzi hana pa kukimbilia. Hapo pikipiki mbili hazipungui, na moja ataiita mke.

"Utaugeuza lini?"

"Kesho asubuhi, kabla mzee hajapiga mswaki."

Wakapeana mikono kama watu waaminifu. Daktari akalipapasa tangi la pikipiki, akamkabidhi mwenzake funguo, machozi yakamlengalenga. Mtu aliyeishi miaka yote kwa ahadi za uongo aliamini ahadi ya mwanamke aliyemdanganya mwajiri wake miaka minane. Wahenga walisema mganga hajigangi, na huyu hata mganga hakuwa.

Kesho yake alikaa kibandani akisubiri kishindo. Mashine ikavuma kutwa. Siku ya pili ikavuma vilevile.

"Umemponya kweli," alisema muuza chai. "Siku hizi haombolezi."

Siku ya tatu Daktari alijivika mikanda yote sitini, shingoni na mabegani, akavuka barabara kwa miguu. Alimkuta Mzee Birika mwenyewe kwenye mashine, anaimba. Ubavuni mwa mashine umechorwa mshale mwekundu, mkubwa kama kasia.

"Mama Vumbi yuko wapi?"

"Kaacha kazi. Alisimama hapo ulipo akatubu kwa machozi. Kumbe alikuwa anauvisha kinyume bila kujua, mpaka alipokuona wewe ukiugeuza. Kanichorea huo mshale, nami nikampa baraka zangu." Baraka, tukumbuke, hazina gharama. "Hiyo mikanda ya nini?"

"Ya akiba, mzee. Mkanda huchakaa."

"Mimi nautumia mpaka uwe laini kama shuka. Na Mama Vumbi kasema nisinunue ya akiba, ikikaa gundi inakufa." Mzee akazima mashine. Karakana ikanyamaza, na katika ukimya ule Daktari aliona wazo likimwingia mzee taratibu. "Kwa hiyo kilichoponya ni kugeuza. Siyo chupa."

"Mzee, tiba ina mambo mengi."

Mzee Birika akachagua ubao, tena wa mninga, yeye ambaye hakuwahi kupoteza hata kipande cha msonobari.

Daktari alitoka mbio. Miaka kumi mwili wake ulikuwa umezoea hatua zilezile: mlango, hatua nne, mguu juu. Akaurusha mguu juu kwa ustadi wote, akaukalia upepo, akaanguka barabarani na mikanda sitini ikimzonga. Kwa mbali, kwenye kona, akaiona pikipiki yake. Mama Vumbi ameshika usukani, na mwanamke anayefanana naye amekaa nyuma, anapunga mkono.

Hapo ndipo Daktari akalia, kwa sauti kubwa kuliko ya mzee siku zote.

"Kafiwa?" mteja mmoja akauliza kibandani.

"Kafiwa na pikipiki," alisema muuza chai, akammiminia.