Nipo Karibiani

Jumapili, 6 Novemba 2016

Likizo ya wiki moja imeanza! Emiliana, yaya wa kule Al Twar, anajua leo nimepanda meli kubwa kuliko zote duniani, ghorofa kumi na nane, nazunguka visiwa vya Karibiani. Ukweli: niko Naif, mji huuhuu wa Waarabu anaofanyia kazi yeye, kitanda cha juu, chumba cha watu wanane.

Nimelazimika! Isaiah, yule Mkenya mhudumu wa hoteli, alimpandisha ngamia jangwani, na sasa Emiliana haongei bila kutaja ngamia. Ijumaa anakwenda kwao Moshi. Amesema atamtajia mama yake jina la mwanaume mmoja tu. Wa ngamia au wa meli? Jibu liko wazi.

Jumatatu, 7 Novemba

Nimemtumia picha za bwawa la kuogelea. Ni la jengo ninalookolea watu, Jumeirah Village Circle, lakini maji ni maji. Akauliza mbona nyuma kuna winchi ya ujenzi. Nikajibu meli ni kubwa mno, bado wanaijenga njiani. Ameamini! Akili kama hii kuikalisha kando ya bwawa ni dhambi.

Jumanne, 8 Novemba

Ujumbe wa sauti. Jaafar, Mzanzibari wa kitanda cha chini, alinipigia maji kwenye beseni yasikike kama mawimbi. Katikati ya maneno matamu, adhana! Emiliana akauliza kama meli ina msikiti. Nikasema nahodha ni mtu wa Tanga. Jaafar akaniambia nitakuja kuumbuka. Wivu tu. Tena kanilowesha suruali.

Jumatano, 9 Novemba

Nilitoka kununua chapati. Nani yuko sokoni? Isaiah! Anachagua sanduku jekundu la magurudumu. Nikajitupa katikati ya marobota ya mablanketi. Kumbe ni mzigo wa Joweria, mfanyabiashara wa Kampala, na vijana wake walikuwa wameshaanza kukaza kamba. Mama huyo akauliza kama nauzwa jumla au rejareja. Sijawahi kudharauliwa hivyo.

Alhamisi, 10 Novemba

Emiliana kapiga simu. Jaafar kwenye beseni haraka! Akauliza niko wapi. Nikapaza sauti: "Nipo Karibiani!"

Akaanza kulia kwa furaha. Kumbe kwa kelele za beseni kasikia, "Nipo karibu, jamani!" Akasema alijua tu nitaiacha meli kwa ajili yake. Madam wake kamruhusu asindikizwe na mtu mmoja hadi uwanja wa ndege, nije kesho getini, naye atamwambia Isaiah asije. Akaongeza kwamba mambo ya meli hata hayampi raha, anachotaka ni mtu wa kuwa naye.

Nikaanza kutafuta viatu. Lakini mpango ni mpango! Siku nne za kazi, niziache hivihivi? Nikamsahihisha. Nikamtamkia polepole: Ka-ri-bi-a-ni. Mbali sana. Ng'ambo ya bahari nyingine kabisa.

Akakata simu. Jaafar akatupa beseni. "Yakhe, khalas, basi tena! Al Twar hapo, si ungekwenda tu!" Hajui maana ya msimamo.

Ijumaa, 11 Novemba

Isaiah ndiye aliyemsindikiza. Kaweka picha mtandaoni: Emiliana anacheka, sanduku jekundu katikati, yeye meno yote nje. Mama yake huko Moshi ameshatajiwa jina. Imeniuma. Nimelia hadi wenzangu chumbani wakaongeza sauti ya televisheni.

Kisha nikatulia, nikatafuta kosa langu bila kujionea huruma. Nimelipata. Bahari ina kelele! Hapo ndipo nilipokosea.

Kwa hiyo jioni hii nimempigia Doris wa kwaya yetu. Nimemwambia kutoka Karibiani naunganisha moja kwa moja hadi Nepali, kupanda mlima wa theluji. Huko kimya kabisa. Kafurahi mno, anangoja picha. Jaafar anafanya kazi kwenye ghala la samaki wa barafu, nami nimemwomba kesho anifungie ndani.

Amekubali haraka sana. Rafiki wa kweli!