Kielelezo Namba Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Hakimu ametangaza: kamati ya kurekebisha sheria ya ushahidi inataka karani mmoja. Mmoja tu! Atakuwa mimi. Miaka kumi na minne natunza stoo ya vielelezo, napita kiubavu kati ya mapanga na magodoro ya wizi. Mpiga chapa naye anaitaka nafasi. Eti kesi zote anazijua kwa kuwa amezichapa. Thubutu!

Jumanne, 4 Machi
Nimesoma sheria za nchi tano. Sawa, mbili, na ya pili kurasa za mwanzo. Moja hupiga kielelezo picha, kisha humrudishia mwenyewe. Nyingine hupokea hata ushahidi wa kuambiwa. Nimeandika pendekezo la yote mawili, nimemwachia hakimu mezani; kesho naanza majaribio. Mke wangu akauliza kama hakimu ameniruhusu. Nikamjibu wanamageuzi hawaombi ruhusa. Akaenda kuanua nguo.

Jumatano, 5 Machi
Majaribio yameanza! Kielelezo namba tisa, baiskeli ya wizi: picha, sahihi, nje. Nilimpigia simu mwenye jina lililo kwenye lebo, akaja mbio. Alinishukuru mpaka nikaona haya.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Lebo ina majina mawili. La juu, aliyeibiwa. La chini, aliyekutwa nayo. Nilisoma la chini. Baiskeli nimempa mshtakiwa, aliye nje kwa dhamana! Hakimu akaomba picha. Kidole changu gumba, na nyuma yake kipande cha tairi. Mpiga chapa alicheka hadi akaacha kuchapa. Kesho kikao cha nidhamu. Naogopa. Kazi nyingine siijui.

Ijumaa, 7 Machi
Mpiga chapa alishuhudia kwamba ameambiwa na dereva, aliyeambiwa na mfagizi, kuwa nilimsukumia mshtakiwa baiskeli hadi getini. Nikapinga: huo ni wa kuambiwa! Hakimu akafungua pendekezo langu, ukurasa wa pili, akanisomea taratibu. Nikakaa.
Mara mshtakiwa huyo mlangoni! Kaja kunitetea, eti mimi ni mtu mwema. Kaja kwa baiskeli. Askari wakaikamata hapohapo. Nimepewa onyo kali. Nafasi ya kamati kapewa mpiga chapa.

Jumatatu, 10 Machi
Nimetafakari. Baiskeli ilipotea? Wapi! Ilirudi yenyewe baada ya siku mbili, imeoshwa, imejazwa upepo. Stoo haijawahi kufanya hivyo. Pendekezo jipya: kila mshtakiwa atunze kielelezo chake. Leo nimeanza na cherehani. Mshtakiwa ameapa ataileta siku ya kesi. Nimemsaidia kuibeba hadi getini.