Bonyeza Rudi Mara Mbili

Jumatatu, 9 Machi

Wifi yangu wa moyoni, salamu nyingi. Hujambo? Kikohozi kimekuachia? Na kaka anakula vizuri, au bado anasusa? Sisi wazima kwa rehema za Mungu. Uliniambia nikipata joto la moyo niandike kila siku, nisigombane na watu, kisha nikutumie yote kwa pamoja. Basi naandika. Ukiona kalamu imetoboa karatasi, ujue hapo nimemtaja Bi Dirisha.

Unaikumbuka mashine niliyoipigania hapa zahanati? Imefungwa sebuleni, pale wagonjwa wanapongojea. Mtu akishapimwa anaandika namba ya kadi yake kwenye kioo, majibu na dawa zake vinatokea. Basi. Hakuna kwenda kuinama dirishani kwa karani mwenzangu, ambaye amekaa hapo miaka na miaka mpaka kiwiko chake kimechimba bonde kwenye mbao. Ndiye Bi Dirisha huyo. Anaita wagonjwa mmoja mmoja, anawanong'oneza majibu kama anawaposa.

Ijumaa bodi inakuja kuiona mashine. Wakiipenda, mimi ndiye mkuu wa mapokezi. Daktari Mkuu ameniambia kwa kinywa chake. Ofisi yenye mlango, wifi! Mlango wa kwangu, nikiamua nafunga.

Leo asubuhi fundi wa kompyuta ameniita pembeni, uso kama amefiwa. Amesema mashine ina upenyo. Ukimaliza kusoma majibu yako, ukabonyeza neno Rudi mara mbili, yanatokea ya mtu aliyekutangulia. Nikamwambia azibe basi, si ndiyo kazi yake? Akasema hawezi, dawa yake iko kwa walioitengeneza, nao wameahidi wiki mbili. Kwa sasa tuizime, nimwambie Daktari Mkuu leo hii, na watu warudi dirishani. Eti kidonda kisichopona leo hufungwa, hakiachiwi nzi.

Tuizime! Warudi dirishani! Kijana amesoma mpaka akili imemwagika. Nimemwambia aniachie mimi. Nimesali. Wazo limekuja kabla sijafika amina.

Jumanne, 10 Machi

Wazo: tangazo. Watu ni waungwana, ukiwakataza wanasikia. Nimeandika kwa wino mwekundu, ule mwandiko wangu mzuri wa shule, nikabandika juu ya mashine: NI MARUFUKU KABISA KUBONYEZA RUDI MARA MBILI. UTAONA MAJIBU YA MWENZIO.

Waungwana gani! Kufikia saa nne sebule imejaa watu wasioumwa hata kucha. Mmoja nimemuuliza anaumwa nini, akajibu ataona kwanza wenzake wanaumwa nini ndipo achague.

Mshona viatu wa ng'ambo ya barabara amebonyeza akakuta majibu ya mwenye duka, yule anayejigamba kuwa mwili wake ni chuma. Kumbe chuma kinatumia dawa ya bawasiri. Mshona viatu akamuuliza mbele ya benchi zima kama amletee mto wa kukalia. Mwenye duka akatoka bila dawa. Nilicheka kidogo, Mungu anisamehe, lakini kwa ndani.

Nimebandua tangazo. Bi Dirisha akaniuliza kwa sauti yake ya uji wa moto, mwenzangu, hiki ni nini? Nikamwambia ni majaribio. Fundi naye akauliza kama nimeshamwambia Daktari Mkuu. Nikasema nimeshamgusia. Si uongo. Nilimsalimia, na salamu yenyewe ilikuwa nzito.

Jumatano, 11 Machi

Karatasi haina macho. Inatakiwa mtu. Nimemleta shemeji, mume wa dada yetu mdogo, aliye nyumbani tangu kiwanda kifungwe na anayemchosha dada kwa ushauri wa mapishi. Nikampa kiti, shati jeupe na amri moja tu: mtu asibonyeze Rudi.

Hakuna aliyebonyeza. Alibonyeza yeye.

Eti alikuwa anahakikisha kama upenyo bado upo. Kila akitoka mgonjwa, shemeji anaandika namba ya kadi yake mwenyewe, anahakikisha. Kisha, kwa kuwa ni mtu mwema asiye na ubongo, anawafuata na nasaha. Mzee mmoja ameambiwa apunguze chumvi kabla hajafika mlangoni. Mwingine amepewa pole ya figo na benchi zima.

Halafu akaja binti mmoja, mpole, amejitanda. Akasoma majibu yake, akafuta kioo kwa kiganja kana kwamba maandishi yatatoka, akageuka kuondoka. Shemeji akahakikisha. Akapaza sauti, hongera mama kijacho, Mungu akupe salama! Na shangazi yake binti yule alikuwa amekaa benchi la mbele kungojea kupimwa presha.

Wifi! Shangazi alisimama polepole akamuuliza mama kijacho wa nani. Binti akajifunika uso kwa mtandio. Bi Dirisha akatoka nje ya chumba chake, jambo ambalo sijaliona tangu nianze kazi hapa, akamshika binti mkono, akamwingiza ndani na kufunga dirisha. Nje tukabaki tunasikia kilio. Aliporudi akaniambia nimwogope Mungu, niizime mashine.

Nimwogope Mungu! Anajua nini huyu? Anataka foleni yake tu, kama mwewe anavyotaka vifaranga. Ila nikiri, chakula cha mchana hakikupita. Nimemwombea binti. Nimemrudisha shemeji kwa dada, naye dada amenitumia ujumbe wa kunilaumu.

Alhamisi, 12 Machi

Sifa zote ni za Mungu! Nimepata.

Sikiliza. Ukibonyeza Rudi mara mbili unamwona aliyekutangulia, sivyo? Basi kila mgonjwa akimaliza, mimi naandika namba ya kadi yangu, maana na mimi natibiwa hapa hapa. Namba yangu naijua kwa kichwa, miwani ya kusomea naiacha mezani. Naandika, nageuka, namwita anayefuata. Huyo anayefuata akileta udadisi ataniona mimi. Na mimi nina siri gani? Mtu wa sala, kazini na nyumbani. Nimejitoa niwe ukuta.

Nikamweleza fundi. Akakiri kwamba hilo linazuia kweli. Halafu akaharibu, akasema bado Daktari Mkuu ajue, na je, nina hakika na kilichomo ndani ya faili langu? Nikamjibu faili langu ni safi kuliko kola yake.

Na matokeo yake! Siku nzima hakuna siri ya mtu iliyotoka. Zaidi ya hayo, watu wamenipenda ghafla. Wagonjwa wananiaga kwa tabasamu. Mama mmoja amenishika mkono akisema pole sana na kiuno. Nikashukuru, kiuno kweli kinasumbua nikisimama. Mshona viatu amerudi, akaniuliza kama Jumamosi nina nafasi, kuna harusi mtaani kwao na wanakosa watu wachangamfu. Mwenye duka, ambaye juzi alitoka amenuna, leo amecheka mpaka akafuta machozi, akasema kumbe sisi sote ni binadamu. Nikamwambia ndivyo Mungu alivyotuumba.

Ona tabia njema inavyovuta watu. Bi Dirisha ananitazama kwa jicho la huruma. Wivu huo. Kesho naomba kitambaa cha pazia kwa ajili ya ofisi yangu.

Ijumaa, 13 Machi

Wifi, kaa chini kwanza.

Bodi ilifika. Wanaume watatu wa tai na mama mmoja mnene mwenye miwani ya dhahabu. Daktari Mkuu akawasifia mashine, akanisifia na mimi. Nikaandika namba yangu, nikasogea. Mama wa miwani akapewa kadi ya mfano ajaribu. Akasoma. Akafurahi. Kisha, sijui kidole chake kilitumwa na nani, akagusa Rudi. Akagusa tena.

Akasoma kwa sauti, maana ni mtu wa kusoma kwa sauti. Jina langu lote. Uzito wangu wote. Anakoroma, ndiyo. Maumivu makali ya kiuno. Chanzo: alicheza harusini mpaka alfajiri, akaanguka akishindana na bibi harusi.

Sasa wifi, mwezi ule nilioumia kiuno nilipewa mapumziko ya wiki nzima, nikiwa nimemwambia Daktari Mkuu kwamba nimeanguka na sanduku la mafaili ya zahanati. Alinisifu mbele ya wafanyakazi wote kwa kujitolea. Lakini muuguzi aliponiuliza chanzo nilimwambia ukweli. Mganga hadanganywi, ni dhambi.

Benchi lilipasuka kwa kicheko. Mshona viatu akapiga vigelegele, mwanaume mzima!

Daktari Mkuu hakucheka. Aliuliza faili la mtumishi linafanya nini kwenye kioo. Fundi akaitwa, akasema kila kitu. Daktari Mkuu akaniuliza nimejua tangu lini. Nikasema tangu Jumatatu, ila nilikuwa nashughulikia. Akauliza habari za binti wa juzi, maana shangazi alishafika kwake kulalamika. Nikasema nimemwombea. Akasema upenyo si kosa langu wala la fundi, lakini kuuficha ni langu peke yangu.

Mashine imezimwa papo hapo, fundi akaifunika shuka. Watu wakapanga foleni dirishani bila hata mmoja kulalamika. Bi Dirisha ameambiwa ndiye mkuu wa mapokezi. Alinipa mkono, akasema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali! Mtu akikosa akili hubeba za wahenga.

Nimesali sana. Nimemsamehe Bi Dirisha, ila si yote.

Jumatatu, 16 Machi

Nimehamishiwa stoo ya mashuka. Wanasema ni adhabu. Mimi naona ni wadhifa: mashuka yote ya zahanati yako mikononi mwangu, mapya bado yamo kwenye mifuko yake, na kuna mlango. Wa kwangu.

Kuna jambo dogo tu. Dirisha la nyuma halifungi, bawaba zimeoza. Seremala amesema atakuja mwezi ujao. Bi Dirisha, kwa kuwa sasa ni mkubwa, amekuja na mikono nyuma kunishauri kwamba kwa sasa tuhamishie mashuka chumba cha ndani chenye kufuli na tumwarifu Daktari Mkuu. Nimemwambia ameshaarifiwa. Asubuhi nilimpungia mkono.

Kuhamisha mashuka yote na kiuno hiki? Kwa dirisha moja? Nimeshapata njia bora. Mwambie kaka aniletee yule mbwa wake mkubwa alale humu mpaka seremala aje. Najua yu karibu kuzaa, lakini asiwe na wasiwasi, mashuka yapo tele, watoto hawatapata baridi.

Nijibu upesi, wifi. Hapa dirisha liko wazi.