Sharubu Moja na Kibali cha Binti Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Kibali kimefika! Karatasi ina muhuri wa bluu na jina la boti yetu limeandikwa bila kosa, jambo ambalo ofisi ile haijawahi kuliweza. Kibali maalumu! Msimu umefungwa, wavuvi wenzetu wanacheza karata na kugombana na wake zao, lakini sisi tunaingia ghubani. Kuvua, ila si kuvua. Kuhesabu watoto. Kambakoche wachanga na kaa wachanga: unamtoa mtegoni, unampima, unampiga picha, unamrudisha majini palepale ulipomtoa. Hakuna kula. Nimeuliza mara mbili kuhusu hilo la kula.

Mitego yenyewe vituko. Mtego wa kawaida sheria inataka uwe na kidirisha cha watoto kutorokea. Hii ya kibali haina. Mtoto akiingia, kaingia. Nikasema ni kama ndoa yangu. Mke wangu akajibu kuwa mlango wa ndoa yangu uko wazi tangu zamani, ila naogopa kujipikia.

Nahodha ni binti yangu. Boti ilikuwa yangu, sasa ni yake. Magoti yangu ndiyo yaliyoamua. Kibali hiki amekililia tangu mwaka juzi, maana bila hicho boti inakaa gatini inaota kutu mpaka msimu ufunguliwe. Mimi kanipa kazi ya kupima. Akanishika bega, akasema Baba, nakuomba, mara moja tu maishani mwako fanya ulichoambiwa. Nikaapa. Niliapa kwa sauti nzuri sana.

Doa ni moja tu. Kibali cha pili kapewa Ndevu. Huyu ni baba wa mume wa binti yangu, mkwe mwenzangu, mtu mwenye ndevu nyingi na maneno mengi kuzidi ndevu. Tumegawana wajukuu, sasa tunagawana ghuba. Yeye upande wa majani ya bahari, sisi upande wa miamba.

Jumanne, 4 Machi

Leo tulikwenda na afisa uvuvi. Nimemwita Bibi Rula, maana rula yake ya chuma haimtoki mkononi. Kambakoche anapimwa kuanzia katikati ya macho mpaka gamba la mgongo linapoishia. Mkia hauhesabiwi. Nikamwambia hiyo ni dhuluma, mnyama kahangaika kuotesha mkia wote ule! Akasema mzee, pima. Nikapima. Kaa akanibana kidole. Nilimtukana mama yake, Bibi Rula akaniuliza kama hayo nayo ayaandike.

Tulichopata ni aibu. Watoto wa kuhesabika kwa vidole, na kidole kimoja kimevimba.

Jioni Ndevu akaja kusalimia. Uongo, alikuja kuringa. Akakalia kiti changu, akaeleza jinsi mitego yake ilivyofurika. Eti watoto wamejaa kama shule ya msingi wakati wa mapumziko. Halafu akaniuliza, kwa upole wa kinafiki, mkwe, kule kwenu miambani ni nyumba ya wazee nini? Mke wangu akacheka! Akamwongeza chai!

Nimekosa hamu ya kula. Nimekula kidogo tu, sahani mbili.

Jumatano, 5 Machi

Akili imenijia! Imenijia kabla ya kunawa uso!

Bibi Rula leo kapanda boti ya Ndevu. Kwetu ni binti na mimi tu. Binti yuko kwenye kibanda cha usukani, anaendesha na kuvuta mitego kwa winchi, mgongo kanipa. Mimi niko nyuma peke yangu na mitego, rula na simu ya kupigia picha. Nani anarudisha watoto majini? Mimi. Na kama mtu karudisha ndooni badala ya baharini, ni nani wa kumuuliza?

Basi. Mtego wa kwanza ukatoa kambakoche mmoja mchangamfu, sharubu moja tu, ya pili sijui kaiacha kwa nani. Nikampima, nikampiga picha, nikamtia kwenye ndoo ya maji, juu nikafunika gunia bichi. Mtego wa pili mtupu. Mtupu? Haiwezekani! Sharubu Moja huyo, tena na tena. Kila kituo yumo. Nikampa na wenzake wawili watatu wa kumsindikiza, asichoke peke yake. Nilikuwa naita vipimo kwa sauti ya mnadani. Binti anaandika, anacheka kwa furaha. Akasema Baba, una mkono wa baraka. Nikamwambia alikuwa hajui tu.

Alhamisi, 6 Machi

Leo tena! Sharubu Moja kalala ndooni chini ya gunia, ameshanizoea. Nikifungua gunia, ananitolea ile sharubu yake kama anayenipa mkono. Amezunguka ghuba yote leo kwa miguu yangu.

Picha nazo zimenoga. Kidole gumba kimeingia pembeni katika kila picha, na kucha yake nyeusi ile iliyobanwa na mlango. Nimekiacha. Fundi huweka alama kwenye kazi yake.

Bibi Rula kapokea hesabu zetu gatini. Rula ilimponyoka! Akasema hajawahi kuona watoto wengi hivi mahali pamoja. Ndevu alikuwa karibu anafunga kamba. Kamba ile aliifunga, akaifungua, akaifunga tena.  Nikampigia mluzi.

Ijumaa, 7 Machi

Kesho mkutano wa wavuvi wote. Bibi Rula atatangaza matokeo. Mke wangu kanipigia pasi shati jeupe. Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo: kwanza namshukuru Mungu, pili najishukuru mwenyewe, tatu nampa pole mkwe. Kabla ya kushuka botini nilimrudisha Sharubu Moja baharini. Mimi si mkatili. Alikwenda kinyumenyume, ananitazama.

Jumamosi, 8 Machi

Ole wangu!

Ukumbi ulijaa. Bibi Rula akaonyesha ramani ukutani, miamba yetu imepakwa rangi ya kijani yote. Akasema boti ya binti yangu imegundua kitalu kikubwa cha kambakoche, mahali wanapokulia watoto wao. Makofi! Nikaanza kuinuka. Sijanyoosha magoti, akaongeza: kwa kuwa ni kitalu, anapendekeza miamba yote ifungwe. Asitege mtu, msimu uwe umefungwa au umefunguliwa.

Nikakaa.

Ndevu akanipigia makofi peke yake. Hongera sana, mkwe! Binti yangu hakupiga. Miamba ile ndiyo inayomlisha mwaka mzima, yeye na wajukuu wangu, na hao ni wajukuu wa Ndevu vilevile, sijui kile kizee kilikuwa kinashangilia nini. Binti akanyoosha mkono, akauliza kwa sauti ndogo itafungwa kwa muda gani. Bibi Rula akasema mpaka watoto wale wakue na wao wazae.

Watoto gani!  Nikinyamaza, miamba imekwenda. Nikisema, kibali kimekwenda. Na pale ukutani Bibi Rula anaonyesha picha, Sharubu Moja mkubwa kama ng'ombe, ananitazama vilevile.

Nikasimama juu ya kiti. Nikapiga kelele kwamba ni mmoja! Ni huyohuyo! Tazameni sharubu!

 Bibi Rula akabonyeza picha nyingine. Sharubu moja. Nyingine. Sharubu moja, kidole gumba. Nyingine. Gumba, kucha nyeusi. Akavuta kiti, akakaa taratibu.

Ndevu ndiye aliyeanza. Mkwe, akasema, huyo kambakoche ametembea dunia kuliko wewe. Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Binti hakucheka. Alishika mlango, akatoka.

Jumapili, 9 Machi

Bibi Rula kaja nyumbani na hukumu. Hesabu zetu zote zimefutwa, rangi ya kijani imetoka kwenye ramani. Kibali hakufuta, maana binti alimwomba, na mwenye kosa si nahodha. Kazi inaanza upya, yeye mwenyewe akiwa botini kila siku. Mimi nisikanyage sitaha. Nikifanya ujanja mwingine wowote, vibali vyote viwili vinafutwa, chetu na cha Ndevu. Akauliza kama nimeelewa. Nikaapa. Ile sauti bado ninayo.

Binti kanijia baadaye, nimekaa kizingitini kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Akasema Baba, umenitia aibu mbele ya watu wote, halafu kwenye kiti kilekile umeniokoa, sasa sijui nikununie kwa lipi. Nikamshauri aninunie nusu. Akajitahidi kukunja uso. Akashindwa.

Machozi yalinitoka kidogo. Vumbi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepewa kazi mpya, gatini, nchi kavu, mbali na rula. Naosha mitego na kuifunga tayari kutoswa. Ya kwetu na ya Ndevu, yote.

Ndevu kapita asubuhi, anacheka ndani ya ndevu. Kaniambia niisugue mitego yake vizuri, maana anakwenda kuitosa kwenye kona yake ya majani, mahali patamu kupita pote ghubani, ambapo kila msimu anajaza boti na hakuna mwingine anayepajua.

Nikasugua. Nikawaza. Penye watoto wengi panafungwa, Bibi Rula kasema mwenyewe mbele ya watu. Chini ya nguzo za gati hapa vitoto vya kaa vimejaa kama mchanga. Na mitego hii haina kidirisha. Mtoto akiingia, kaingia.

Nimejifunza, jamani! Asiyejifunza ni mpumbavu. Safari hii wa kutia kwenye mitego ya Ndevu nimechagua wenye viungo kamili, hakuna hata mmoja anayefanana na mwenzake. Na gumba nimelivalisha glovu.