Msiba wa Tovuti Nyumbani kwa Tata

Leo nimejiaibisha mpaka kengele ya kanisa imepigwa. Acheni niwaeleze mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa kijijini kwetu Nyanga.

Mnajua nilirudi nyumbani baba yangu, Tata, alipotolewa hospitali. Daktari alisema tukamtunze huku huku, tumpe anachopenda. (Mtu mzima anaelewa maana yake.) Namgeuza, namnywesha uji, namsomea Zaburi. Akisinzia natoka barazani na kompyuta, naandika programu za watu. Kulia sijalia. Ndugu zangu wanalia kwenye simu, mimi nawapa taarifa.

Sasa leo asubuhi, ile tovuti tunakotunza programu zetu ikatangaza bei mpya. Kuijaribu programu kwa kompyuta yako mwenyewe, kwa umeme wako mwenyewe, nako kutalipiwa kwa dakika! Hiyo ni sawa na kupika kwako, kwa kuni zako, halafu jirani akutoze moshi. Sisi waandishi wa programu wa Kagera tukaitana mtandaoni tulalamike. Projestus wa Muleba, yule aliyetengeneza programu ya kupimia dagaa kule kisiwani Bumbire, akasema kulalamika hakutoshi.

"Tuizike," akasema. "Mimi mchungaji. Koku, wewe ndiye mfiwa."

Nilikuwa na hedifoni masikioni. Nikasimama, nikajifunga kanga kiunoni. (Hapo mwenye akili angekaa chini.)

"Marehemu alitupokea bure," Projestus akaanza kwa sauti ya mazishini, "akatulea bure, na leo ametugeuka..."

Nikaweka mikono kichwani nikaachia kilio. "Umetuacha na nani! Nitakwenda wapi mimi, jamani waitu!"

Wenzangu hoi kwa kicheko. Nikazidisha. Nikapiga kile cha shangazi zangu, kinachopanda, kinapanda, halafu kinakatika. Kisha sijui kilichotokea. Machozi yakaja, ya kweli. Nikajiambia nyamaza, Koku, lakini sikunyamaza. Nililia mpaka nikakaa sakafuni, na huko mtandaoni watu wananipigia makofi. "Koku, una kipaji!"

Kosa langu ni hili, na kosa hili mtu wa kwetu halifanyi: kwenye nyumba yenye mgonjwa mtu halii kilio cha mchezo. Kikisikika kimoja, hakuna anayetuma mtu kuuliza. Watu wanaacha jembe kibanjani, kwenye migomba, na kuja na walichonacho.

Nilipoinua macho, jirani yetu Ma Jeni alikuwa anakuja kupitia migombani, mikono kichwani. Nyuma yake wanawake, nyuma ya wanawake mzee wetu Ta Felisi na mkungu wa ndizi begani, na mwingine na kuni. Nikavua hedifoni. Ndipo nikaisikia kengele ya msiba. Mwinjilisti hakutaka kuchelewa.

"Pole mwanangu, pole sana," Ma Jeni akanikumbatia. "Ameondoka saa ngapi?"

"Nani?"

"Si Tata!"

"Tata yupo ndani. Amekunywa uji sasa hivi."

Ma Jeni akawageukia wenzake, akatikisa kichwa. "Bado hajakubali. Mshikeni."

Wakanishika! Wawili, kila mmoja mkono wake. Najaribu kueleza, wananipapasa mgongo. Mmoja ameshaanza kutoa viti nje. Na hapo hapo, kutoka chumbani, sauti ikasema, "Koku! Kengele ya nani hiyo?"

Ta Felisi nusura auangushe mkungu. Ma Jeni akaniachia polepole, akanitazama nilivyolowa machozi.

"Kumbe ulikuwa unamlilia nani?"

(Ardhi ilikataa kupasuka inimeze, nilijaribu kuiomba.)

"Tovuti, Ma. Mahali tunapotunza programu. Wamepandisha bei."

"Yaani bei?" akauliza Ta Felisi, mkungu bado begani.

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka.

Tata akaita tena, akasema wote waingie. Wakaingia mmoja mmoja, wamevua viatu, wanamwamkia mtu waliyekuja kumzika. Mkono wake ukawa unatafuta mikono yao juu ya blanketi.

"Wote hawa ni wangu?" akaniuliza.

"Wote, Tata."

Ta Felisi akataka kuondoka na ndizi zake kimya kimya. Tata akamwambia ndizi za msiba hazirudi, azimenye. Basi tumepika, tumekula. Tata amekula vijiko viwili, yeye ambaye tangu juzi anakataa kila kitu ila uji. Nimewahi kula msibani mara nyingi, ila leo ndiyo mara ya kwanza kula na marehemu mwenyewe.

Walipoondoka nikawa nampangusa mdomo. Akanishika mkono.

"Kile kilio," akasema, "kilianza cha mchezo. Nilisikia. Mwishoni kilikuwa changu."

Nikampangusa tena palipokwisha kukauka.

"Nilidhani umekuwa jiwe, mwanangu."

"Nisamehe, Tata."

"Nikusamehe nini? Umenililia nikiwa nasikia."

Nikamlilia tena, safari hii uso nimeuficha kwenye blanketi lake ili majirani wapumzike. Bado nimeinama hivyo, simu ikalia. Projestus. Waandishi wa programu dunia nzima wamepiga kelele, wenye tovuti wameogopa. Bei mpya imeahirishwa. Tata akataka kujua kinachosemwa, nikamweleza.

"Wamefuta au wameahirisha?"

"Wameahirisha tu, Tata."

Akafumba macho. "Basi na mimi nimeahirisha."

Amelala sasa. Nimekaa hapa nasikiliza anavyopumua. Najua kuahirisha si kufuta, msinikumbushe. Na kama ni lazima mnicheke, nichekeni kwa kuandika. Nyumba hii ikitoa sauti kidogo tu, Ta Felisi anakata mkungu mwingine.