Kipimo cha Maua

Octavian alikuwa na kipaji kimoja ambacho shule haikumpa: pale wengine wanapoona takataka, yeye anaona mteja. Jumanne moja alisimamisha pikipiki yake Mtendeni, nyuma ya kitalu cha dada Advera, akakuta lundo la mitasbihi, yale maua ya majani mapana na mbegu nyeusi ngumu kama shanga. Ila hii haikuwa mitasbihi ya kila siku, bwana. Majani yalikuwa na michirizi ya njano, utadhani kuna fundi kakaa na brashi akachora moja moja.

"Dada Advera, huu mzigo bei gani?"

"Bei ya kiberiti. Naenda kuchoma, una virusi."

"Virusi? Mbona umependeza hivi?"

"Ndiyo ubaya wake huo. Mwingine unakaa msimu mzima jani safi kabisa, kumbe ndani mgonjwa. Nimepima kwa vijiti vya watu wa kilimo, mistari miwili mitupu. Dawa hakuna. Unang'oa, unachoma, na kisu unakiosha kwa klorini. Kisu kimekata mgonjwa kikagusa mzima? Basi, umeshamwambukiza."

Mtu mwingine angesema pole akaondoka. Octavian, kwa ule moyo wake wa huruma unaojulikana mkoa mzima, akasema, "Niachie mimi nikakuchomee, dada. Moshi utakukaba koo, na Jumapili una kwaya."

Advera akamwombea baraka. Kabisa, akasimama pale akamwombea baraka.

Saa moja baadaye miche arobaini ilikuwa Gongoni, imepakiwa nyuma ya pikipiki, mbele ya ukumbi wa harusi wa Bi Amne. Huyu mama alikuwa mnene, mpole, mwenye miwani ya kamba, na kila mtu mtaani alimwita Mama Ukumbi. Octavian alimtazama mara moja tu akasema moyoni: huyu nimemmaliza.

"Shikamoo, Bi Amne."

"Marahaba, mwanangu. Hayo majani vipi, yamepauka?"

"Kupauka! Hii ni mitasbihi ya kifalme, mama. Iliingia hapa na misafara toka pwani. Wapagazi walibeba shanga na vitambaa mabegani, ila hii ilibebwa juu ya mto, na mwavuli. Bibi harusi akipigia picha hapa, watu wa Nzega na Igunga wataacha kumbi zao zote waje kwako."

Bi Amne alizunguka miche taratibu. "Mizuri kweli. Lakini nasikia maua siku hizi yana virusi vya kujificha. Umepima?"

"Nimepima! Lakini sitaki uamini mdomo wangu. Nipe nusu saa nipime mbele yako."

Akakimbilia duka la dawa. Vijiti vya watu wa kilimo hakuwa navyo, lakini alijua kijiti kingine kinachofanana navyo kama mapacha.

"Nipe kipimo cha mimba, viwili."

Muuzaji, binti anaitwa Elieth, akatabasamu. "Hongera, kaka. Ni cha wifi?"

"Hapana, ni cha maua."

"Jina zuri. Mwambie Maua apime asubuhi, akiamka tu."

Octavian hakuwa na muda wa kufafanua. Akarudi Gongoni, akachania pakiti ya kijiti mfukoni ili maandishi yasionekane, akaponda jani kwenye kikombe cha maji na kuchovya kijiti kwa uso mzito kama profesa. Wakasubiri. Mstari mmoja ukatokea.

"Mmoja!" akapaza sauti. "Miwili ni mgonjwa, mmoja ni mzima. Sayansi hiyo, mama, haina undugu."

Bi Amne akavaa miwani. Akakitazama kile kijiti muda mrefu, akakigeuza, akakitazama tena. Midomo yake ilitikisika kidogo. Octavian alidhani ni furaha.

"Ajabu sana," alisema. "Na hicho cha pili?"

"Cha akiba."

"Nipe." Akaenda uani, akafunua turubai. Chini yake kulikuwa na kigari cheupe cha abiria saba, kinang'aa kama sahani ya mgeni. Akafungua rejeta, akachovya kijiti, akasubiri. Mstari mmoja.

"Na gari nalo ni zima," akasema Bi Amne. "Sasa tubadilishane. Wewe niachie miche yote na pikipiki juu yake, mimi nakupa gari. Mimi mzee, gari la nini?"

Hapo ndipo moyo wa Octavian uliporuka. Pikipiki ile ilikuwa kila kitu alichonacho duniani: ndiyo kazi, ndiyo mahari ya kesho, ndiyo sababu watu walimwita kaka na siyo wewe. Lakini gari! Mama mwenyewe anapima rejeta kwa kijiti cha mimba! Aliuma shavu kwa ndani asicheke. Akawasha injini, ikaunguruma vizuri. Wakaandikishana mbele ya balozi wa mtaa.

Octavian akashika njia ya Kigwa, muziki juu, kiwiko dirishani. Alifika Kigwa. Hilo tumpe. Ila mita mia mbili kabla ya stesheni, gari lilitoa mvuke kama chungu cha makande, likakohoa, likazima.

Fundi wa pale, Zablon, akafungua boneti, akapiga mluzi.

"Bloku ya injini ina ufa. Wamekuzibia kwa gundi, wakapaka rangi. Likiwa la baridi hujui kitu."

"Dawa yake?"

"Hakuna."

Octavian akapiga simu. "Bi Amne! Umenipa gari bovu!"

"Pole, daktari. Mbona lilikuwa na mstari mmoja?"

"Mama, kile ni kipimo cha mimba!"

"Mwanangu, mimi nilikuwa mkunga miaka thelathini kabla ya ukumbi. Mstari mmoja maana yake gari halina mimba, na hilo nilikuwa nalijua." Nyuma yake moto ulisikika ukitafuna majani mabichi, na sauti ya Advera ikisema leta mingine. "Maua ya ukumbi huwa nanunua kwa Advera, na michirizi hiyo alishanionya. Tunamalizia miche, kisha tunaosha visu. Pikipiki yako inakwenda vizuri sana."

Simu ikakatwa.

Octavian akakaa juu ya tairi. Zablon akamwonea huruma, maana hata mafundi wana siku zao.

"Sikia kaka, hili nalichukua kwa vipuri. Nauli ya treni nakupa, na jogoo juu."

Jogoo akaletwa, amefungwa miguu, mwekundu, manyoya yanameremeta. Octavian akamkagua mdomo, akamkagua macho, akamgeuza tumboni.

"Huyu mzima kweli?"

"Kwa nje mzima," Zablon alisema, akifuta mikono. "Ndani sijui, kaka. Mimi fundi wa magari."